Wageni wa Angani: Asubuhi ya Mei Katika Bustani za London

Je, mama msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotoka nyumbani bila kutumwa na shughuli? Si kwenda sokoni, si kumpeleka mtoto kliniki, si kuwahi basi la kazini. Wengi wetu tukiulizwa swali hilo hubaki tukihesabu vidole. Hata siku ya mapumziko, mama huamka kabla ya wengine, kana kwamba jua haliwezi kuchomoza asipokuwapo jikoni.

Sisi tunaoandika makala haya ni akina mama wa ushirika mdogo wa wasemao Kiswahili, mashariki ya jiji la London. Wengi wetu ni wauguzi au watunzaji wa wazee. Tumetoka Tanzania, Kenya na Kongo. Tuna waume, tuna watoto, na tuna zamu za usiku. Katika mikutano yetu ya kuombeana tulianza kusikia mahitaji yaleyale kila mwezi: usingizi umepotea, moyo ni mzito, watoto hawaongei nasi, kila mtu na simu yake. Ndipo tulipokubaliana kwamba mara moja kwa mwezi, badala ya kukaa ukumbini, tutatembea katika bustani za umma zilizo karibu nasi. Na mwezi wa Mei tuliamua kwenda kuangalia ndege.

Si wote waliopokea wazo hilo kwa furaha. “Nimekulia Kilombero,” alisema dada mmoja. “Utoto wangu wote nimewafukuza ndege kwenye mpunga, na debe mkononi. Leo niamke alfajiri niwatafute?” Tulicheka sana. Hata hivyo, siku ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kufika kituoni.

Kwa Nini Mwezi wa Mei?

Anayeishi karibu na ikweta huenda asielewe kwa nini watu wa Ulaya huyapenda sana majira ya kuchipua. Katika mwezi wa Desemba, hapa London, jua hutua kabla ya saa 10 alasiri. Mama anayeingia kazini asubuhi huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Miti husimama bila jani hata moja. Kisha, kuanzia Machi, siku huanza kurefuka, na ifikapo mwanzoni mwa Mei mwangaza wa mchana huwa wa saa 15 hivi. Majani hutoka, maua hufunguka, na wadudu hujaa hewani.

Wadudu hao ndio karamu inayowaita wageni. Mamilioni ya ndege waliokaa Afrika tangu Septemba na Oktoba hufunga safari kwenda kaskazini. Wengine huuliza: Mbona waiache Afrika yenye joto? Jibu ni makinda. Katika siku ndefu za kaskazini, mzazi hupata saa nyingi zaidi za kutafuta chakula, na wadudu ni tele. Lakini baridi ikirudi na wadudu wakaisha, ndege hawa hurudi kusini.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu huenda wapi. Wako waliodhani kwamba hujificha ndani ya matope chini ya mabwawa mpaka baridi iishe. Kisha, Mei 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 ndege yuleyule alinaswa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 9,000. Na mbayuwayu mzima ana uzito wa gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari!

Basi, mama uliyeko Morogoro, Kisumu au Lubumbashi, usifikiri kwamba habari hizi ni za Wazungu peke yao. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba yako mwezi wa Januari ni wa jamii hiyohiyo. Katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, mahali paitwapo Ngulia, tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa kwa wavu ndege wahamiaji wanaopita usiku, wakawavisha pete na kuwaachilia. Maelfu kwa maelfu wamepita mikononi mwao. Kwa hiyo, ndege wa Mei ni wageni wa Uingereza, lakini wana kwao kuwili.

Alfajiri Kinamasini

Tulikuwa akina mama tisa, watoto sita, na baba mmoja aliyejitolea kubeba chupa za chai na kapu la maandazi. Saa 11 na nusu alfajiri, jua likianza kuchungulia, tulikuwa tumefika Walthamstow Marshes, kinamasi kikubwa kilicho kando ya Mto Lea. Mahali hapo hapana lango, mtu huingia saa yoyote. Nyuma yetu kulikuwa na magorofa na reli. Mbele yetu nyasi zenye umande, matete na vichaka.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kelele. Sisi tunaokaa jijini tulidhani alfajiri ni kimya. Kumbe ndiyo saa ambayo ndege huimba kwa nguvu kuliko saa yoyote! Wanaoimba zaidi ni madume: kila mmoja anatangaza kwamba kiwanja hiki kina mwenyewe, na kwamba anatafuta mke. Kwanza tulimsikia ndege mdogo mwenye kifua chekundu, ambaye huanza kungali na giza. Halafu ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano, aliyekaa juu ya uzio na kupuliza kama mtu anayepiga filimbi bila haraka. Hao wawili hukaa Uingereza mwaka mzima.

Kisha tukasogea kwenye matete, na hapo ndipo tulipokutana na wasafiri. Sauti ilitoka ndani ya matete, kavu na ya kukwaruza, kama cherehani inayokwenda bila kupumzika. Tulitazama, hatukuona kitu. Binti mmoja wa miaka 14, ambaye mama yake alikuwa amemburuta kutoka kitandani, alitoa simu yake. Katika simu hiyo aliweka programu iitwayo Merlin, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambayo husikiliza sauti ya ndege na kutaja jina lake. Jina likatokea: reed warbler, yaani ndege mdogo wa matete. Uzito wake ni gramu 12 hivi, na wiki chache zilizopita alikuwa Afrika, ng'ambo ya jangwa la Sahara.

Kuanzia hapo binti yule ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Aliyezoea kujibu “ndiyo” na “hapana” tu nyumbani alikuwa akinong'ona, “Mama, nyamaza! Shangazi, msipige hatua! Yule pale!” Mama yake alitutazama kwa macho ya mshangao, naye akanyamaza kama alivyoambiwa.

Juu ya kichaka cha miiba tulimwona mwingine, wa rangi ya kahawia, koo lake jeupe, akiruka juu kidogo na kushuka huku akiimba kwa haraka. Waingereza humwita whitethroat, kwa sababu ya koo hilo. Huyu ana historia ya kusikitisha. Katika majira ya kuchipua ya 1969, watu wanaohesabu ndege nchini Uingereza waligundua kwamba karibu robo tatu ya ndege hawa hawakurudi. Vichaka vyao vilikuwa vilevile na chakula kilikuwapo. Walipochunguza, waliona kwamba chanzo kilikuwa mbali sana: ukame katika nchi za Saheli, kusini ya Sahara, mahali wanapokaa miezi ya baridi ya Ulaya. Mvua iliyokosekana Afrika ilinyamazisha vichaka vya Uingereza. Tangu hapo wameongezeka tena, lakini hawajafikia wingi wao wa kwanza.

Tulisimama pale tukiwaza. Nchi ziko mbali sana kwenye ramani, lakini kwa ndege huyu ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Kimoja kikiungua, hawezi kusema kwamba bado anacho kingine.

Ndege na Ndege

Katikati ya kinamasi hicho yanapita matao ya reli. Kwenye tao mojawapo kuna kibao cha kumbukumbu. Hapo ndipo Alliott Verdon Roe alipounda chombo chake cha mabawa matatu, na mnamo Julai 1909 akaruka nacho mita 30 hivi juu ya nyasi hizo. Hiyo ilikuwa ndege ya kwanza yenye injini, iliyotengenezwa yote Uingereza, kuruka nchini humo.

Lugha yetu ina ucheshi wake. Kiswahili hakikutafuta neno jipya kwa ajili ya chombo kile; kilimpa jina la kiumbe aliyetangulia kuruka. Mvulana wa miaka sita, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili chake kinachechemea, aliuliza: “Mama, ndege hii au ndege huyu?” Tukapata somo la sarufi bila kutarajia: ndege huyu ana makinda, ndege hii ina abiria. Alirudia maneno hayo njia nzima.

Swali lake lilifungua mazungumzo mengine. Kila mmoja alianza kusimulia ndege iliyomleta: nani aliondoka Dar es Salaam akilia mpaka Addis Ababa, nani aliweka unga wa muhogo katika sanduku la nguo, nani alidhani theluji ina harufu. Mama mmoja peke yake hakusimulia. Yeye ni mtunzaji wa wazee, mdogo kwetu kwa umri. Kuanzia Machi 2024, aliyekuja Uingereza kwa viza ya kazi hiyo hakuruhusiwa kuja na watoto wake. Alikuja baada ya sheria hiyo kuanza. Mtoto wake wa miaka saba yuko Morogoro kwa bibi yake, na mumewe anafanya kazi Dodoma. Sisi sote tulilijua jambo hilo, kwa hiyo hatukumuuliza kitu. Dada wa Kilombero alimshika mkono, wakatembea hivyo mpaka darajani.

Chai Kilimani

Ukivuka daraja la Mto Lea, unafika Springfield Park, bustani iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1905. Iko kwenye mteremko, na kutoka juu unaona mto, kinamasi na mabwawa ya mbali. Tulitandika khanga zetu kwenye nyasi, tukamimina chai. Kasuku wa kijani walipita juu yetu wakipiga kelele kama wanafunzi wanaotoka darasani. Hao ni wageni wa namna nyingine. Asili yao ni Afrika na Asia ya kusini. Waliletwa wakafugwa, wengine wakatoroka au wakaachiliwa, nao wamezaana mpaka London imekuwa kwao kabisa.

Mbayuwayu watatu walipita chini-chini juu ya mteremko, mikia yao imechanika kama uma, wakielekea kaskazini. Hawakusimama. “Hao bado wana safari,” alisema yule baba wa chai.

Wakati wa chai, sisi tulio wauguzi tulieleza faida ya matembezi kama haya kwa mwili. Hatutaki kutia chumvi: ndege si dawa ya kila ugonjwa. Lakini yako mambo yaliyochunguzwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliohusisha karibu watu 20,000 wa Uingereza. Ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika bustani, misitu au fukwe walikuwa na uelekeo mkubwa zaidi wa kusema kwamba wana afya njema na maisha yenye kuridhisha. Dakika hizo si lazima ziwe za siku moja. Mwaka 2022, watafiti wa King's College London walitumia programu ya simu kuwauliza watu karibu 1,300 hali zao mara kadhaa kwa siku. Walioona au kusikia ndege waliripoti hali bora ya moyo, na nafuu hiyo ilidumu kwa saa kadhaa. Hata wenye ugonjwa wa sonona walionekana kunufaika.

Mwanga wa asubuhi nao huusaidia mwili kujua wakati wa kulala na wa kuamka. Tahadhari moja kwa wafanyao zamu za usiku: usiende matembezi marefu mara tu utokapo kazini, kwa maana mwanga huo utakunyima usingizi wa mchana unaouhitaji. Lala kwanza, utembee siku yako ya mapumziko. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi nchi za jua hafifu, huduma ya afya ya Uingereza hushauri tufikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima. Ikiwa huzuni au kukosa usingizi kunaendelea kwa wiki mbili au zaidi, usijifiche nyuma ya maneno “nimechoka tu.” Mwone daktari.

Mnara wa Teleka

Saa 3 na nusu tulifika Walthamstow Wetlands. Ni mabwawa 10 yanayohifadhi maji ya kunywa ya mamilioni ya wakazi wa London. Kwa miaka mingi mahali hapo hapakuwa wazi kwa kila mtu, lakini tangu Oktoba 2017 yeyote anaweza kuingia, bila kulipa. Tuliona makorongo wa kijivu kwenye viota vyao katika visiwa, na bata bukini wa Misri, ambaye mama mmoja kutoka Naivasha alimtambua mara moja. “Huyu tunaishi naye ziwani!” akasema.

Lakini tulichokuwa tukikingoja kilikuwa juu. Kando ya jengo la kale la mitambo ya maji pamejengwa mnara ambao ndani yake yametengwa matundu zaidi ya 50 kwa ajili ya ndege mmoja: teleka. Kwa mbali hufanana na mbayuwayu, lakini ni mweusi zaidi, na mabawa yake yamepinda kama mundu. Alianza mmoja, kisha wanne, kisha tukashindwa kuhesabu. Walipita kwa kasi huku wakilia kwa sauti nyembamba, nao watoto wakapiga kelele pamoja nao.

Maisha ya teleka ni ya ajabu. Ana uzito wa gramu 40 hivi. Hula angani, hunywa maji akiwa anaruka, na hulala akiwa hewani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba baadhi yao huweza kukaa hewani miezi 10 bila kutua; hutua tu kwa ajili ya kutaga na kulea. Vifaa vidogo ambavyo watafiti waliwafunga vimeonyesha kwamba teleka wengi wa Uingereza hukaa juu ya misitu ya Kongo miezi ya baridi ya Ulaya, na baadhi husogea hadi Msumbiji. Dada yetu wa Bukavu aliposikia hayo aliinua mikono: “Hawa ni bandugu yetu kabisa!”

Teleka hukaa Uingereza miezi mitatu tu. Hufika mwanzoni mwa Mei, na mapema Agosti wengi wamekwisha kuondoka. Huchagua mianya chini ya mapaa ya nyumba za zamani, na hurudi kwenye tundu lilelile mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo yalipo matatizo yao. Nyumba zinapokarabatiwa, mianya huzibwa, na ndege aliyevuka Sahara hukuta mlango umefungwa. Tangu 1995 idadi yao nchini Uingereza imepungua kwa zaidi ya nusu, na Desemba 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi nchini humo. Ndiyo sababu watu wa kujitolea hutundika masanduku ya viota chini ya mapaa, na minara kama huu hujengwa.

Mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa karibu na mnara alitueleza habari za makinda. Hali ya hewa ikiwa mbaya, wadudu hutoweka, na wazazi hulazimika kwenda mbali sana kutafuta chakula. Makinda wa ndege wengi wangekufa. Lakini kinda wa teleka ameumbwa kwa jambo hilo: mwili wake hupoa, mapigo yake hupungua, naye huweza kukaa siku kadhaa bila kula. Mzazi akirudi, huja na kidonge cha mamia ya wadudu kooni mwake, na kinda huendelea kukua.

Mama mwenye mtoto Morogoro alikuwa amesimama mbele kabisa. “Kwa hiyo hajatupwa,” alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. “Anasubiri.”

Hakuna aliyemjibu. Aliinua simu yake, akapiga picha ya video ya teleka wakipita na kulia, akaituma. Morogoro ilikuwa saa 7 mchana. Baada ya dakika chache jibu lilikuja kwa sauti ya mtoto, nyuma yake kuku wakilia: “Mama, hao hata huku wapo! Wanalala kwenye paa la shule yetu. Wewe hukuwaona?” Tulicheka sote, na wengine tulifuta macho.

Mtoto alikuwa amesema kweli. Teleka wa London hawapo Morogoro mwezi wa Mei, lakini wako ndugu zao wadogo wenye kiuno cheupe, ambao hawahami, nao hujenga kwa makundi chini ya mapaa na madaraja ya miji yetu mingi. Tumepita chini yao miaka yote bila kuinua macho. Tangu siku hiyo mama yule na mwanawe wana kazi ya pamoja. Kila Jumapili mtoto humhesabia walio kwenye paa la shule, naye mama humhesabia wa mnarani. Viza haijabadilika, wala umbali haujapungua. Lakini simu ya Jumapili, ambayo zamani ilikuwa “umekula?” na “unasoma?” na kisha kilio, sasa ina habari za kupeana.

Ukitaka Kujaribu na Jamaa Yako

Si lazima uwe London, wala si lazima uwe na darubini. Yafuatayo yametusaidia sisi:

• Nenda mapema. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo bora. Jua likiwa kali, ndege hunyamaza, katika nchi baridi na katika nchi za joto vilevile.

• Chagua mahali pa karibu. Bustani unayoweza kuifikia kwa miguu ni bora kuliko hifadhi ya mbali utakayoitembelea mara moja maishani. Ukirudia mahali palepale, utaanza kuwajua wenyeji na kutambua wageni wanapofika.

• Mpe kila mtoto kazi. Mmoja ahesabu, mwingine achore, mwingine asikilize. Mwenye simu aitumie simu yake kwa kazi hiyo badala ya kunyang'anywa. Wadogo washikwe mkono karibu na maji.

• Vaeni nguo za rangi tulivu, na kwa nchi baridi vaeni nguo juu ya nguo. Beba chai na kitafunio. Mtoto mwenye njaa hana habari na ndege.

• Msiguse viota wala kuvisogelea. Nchini Uingereza ni kosa kisheria kuharibu kiota kinachotumiwa. Hata pasipokuwa na sheria, ndege aliyeshtuliwa huweza kuwaacha makinda wake.

• Msiwatupie bata mikate mingi. Huwashibisha bila kuwajenga, na mabaki huchafua maji.

• Muwe na daftari la jamaa. Andikeni tarehe, mahali na mliyemwona. Kama hamjui jina, andikeni alivyo: “mdogo, koo jeupe, ana hasira.”

Kwa mama aliye Afrika Mashariki, wakati mzuri wa kuwatazama wasafiri ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Mbayuwayu kwenye nyaya na keremkerem wanaopita juu kwa makundi, wengi wao ni wahamiaji. Jijini Nairobi, wanachama wa Nature Kenya wamekuwa na desturi ya miaka mingi ya kutembea Jumatano asubuhi kuangalia ndege. Nawe unaweza kuanza na majirani wawili na chupa moja ya chai. Na nyumba yenu ikikarabatiwa, tazameni kwanza chini ya paa. Mbayuwayu au teleka akiwa na makinda, fundi aanzie upande mwingine. Baada ya wiki chache watakuwa wameruka.

Mama mpenzi, sufuria zitakungoja, nguo za kufua hazitakimbia. Jumamosi moja tu, mwamshe mwanao kabla ya jua, mfunge sweta, mtoke. Mwonyeshe yule mdogo aliyekaa kwenye waya, mwenye uzito wa vijiko vinne vya sukari, na umwambie alikotoka na anakokwenda. Kisha mnyamaze wote wawili, msikilize.